Yasiwe Marefu

Aliyeandika tangazo lile simjui, lakini kama yu hai mpaka leo, mie nina maneno naye. "Maelezo yasiwe marefu." Ndivyo alivyoandika. Yasiwe marefu kiasi gani? Kurasa mbili? Tatu? Nusu? Hakusema. Alibandika karatasi yake kwenye geti la kiwanda, akaenda zake kunywa chai, na kwetu Mtoni watu tukakosana wiki nzima kwa ajili yake.

Baba yangu alikuwa kibarua kwenye kiwanda cha sabuni, na huo ulikuwa mwaka wake wa tisa. Kibarua maana yake kila asubuhi unasimama getini na wenzako, anatoka msimamizi, ananyoosha kidole: wewe, wewe na wewe. Asiyenyooshewa anarudi kwake. Kiwanda kilikuwa kimeshataifishwa, tukaambiwa sasa ni mali yetu sote, lakini baba aliendelea kusimama palepale, nje ya geti la mali yake. Mama alipenda kumtania akirudi mapema. "Karibu, mwenye kiwanda! Leo wafanyakazi wako wamekufukuza?" Baba alikuwa akicheka. Mie nilikuwaga sicheki.

Basi, tangazo likasema vibarua watapunguzwa, ila zipo nafasi saba za kudumu kwa wale waliokaa muda mrefu. Anayetaka alete barua ya maombi pamoja na maelezo ya maisha yake, kwa mwandiko wake mwenyewe. Miaka ile watu wazima walikuwa wanasomeshwa kila kona, na nadhani wakubwa walitaka kuona kama masomo yameingia. Na ndiyo hivyo, yasiwe marefu.

Hakuna aliyehitaji kutueleza maana ya kukosa. Mtu asiye na kitambulisho cha kazi hakuwa na raha Dar siku zile. Wanamgambo wakimsimamisha na hana cha kuonyesha, anapakizwa kwenye lori akalime kwao. Na kwao baba ni kusini, bara kabisa, safari ya kuomba dua. Mie nilikuwa kidato cha tatu. Baba akipata nafasi, tunabaki sote pamoja. Akikosa, nyumba inavunjika vipande viwili. Ilikuwa rahisi hivyo.

Sasa baba alikuwa na ugonjwa mmoja. Alikuwa amejifunza kuandika ukubwani, jioni, kwenye ofisi ya tawi la chama, na tangu hapo alikuwa hashikiki. Aliandika pembeni mwa magazeti, aliandika kwa chaki kwenye mlango wa choo, aliandika kwa mkaa. Mtu kama huyo unamwambia aeleze maisha yake! Alichukua daftari, akakaa kwenye kigoda uani, ulimi nje, akaandika siku nne. Alipomaliza akaniita kwa heshima zote. "Mwanangu, nisahihishie. Wewe ndiye uliyefika mbali."

Nikahesabu. Kurasa kumi na moja.

Nikafungua ukurasa wa kwanza. "Kwako Mheshimiwa Meneja. Salaam sana. Baada ya salamu, mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu." Lahaula! Mbali wapi? Ofisi ya meneja ilikuwa hatua ishirini kutoka getini, na baba alimwona kila siku akishuka kwenye gari lake.

"Baba, hii si barua ya kumwandikia shangazi."

"Kwa hiyo nimwingilie mtu na shida zangu bila kumjulia hali? Hata ukienda kuomba moto kwa jirani unapiga hodi kwanza."

"Barua rasmi haina hodi, baba."

"Basi haina adabu."

Ukurasa wa pili ulikuwa wa babu yake, na babu wa babu yake, na mto waliokuwa wakinywa maji. Nikauliza meneja wa sabuni mto ule wa kazi gani. Akanijibu, "Mkataa kwao mtumwa." Ukurasa wa tatu ulieleza njaa iliyokuwepo alipozaliwa, kwa sababu tarehe haijui, akaona aieleze njaa yenyewe kwa kirefu ili meneja akisie. Wa nne ni jando. Jando, jamani! Nilihisi kichwa kinaniwanga.

Ningemmudu baba peke yake. Lakini ilibidi aje balozi wetu wa nyumba kumi, maana bila barua yake ya kukutambulisha hakuna ombi lililopokelewa popote. Alikuwa mzee mwenye kofia na kifimbo, na hakuweza kupita karibu na karatasi bila kutia neno. Akalichukua lile daftari, akalipimapima mkononi kama kilo ya sukari.

"Jepesi hili," akasema.

Mie nikadhani anatania. Wapi! Akaketi, akaanza kumwuliza baba. Umeandika kuhusu mtaro tuliochimba? Mafunzo ya mgambo? Siku tulizolima shamba la tawi? Ile siku tuliyompokea mgeni wa taifa, tukasimama juani tangu asubuhi? Baba akawa anaitikia kila kitu na kunyoosha mkono achukue kalamu. "Ukurasa mmoja ni uvivu," balozi akasema, akinitazama mie. "Mkubwa akiona karatasi moja anajua huyu mtu hajafanya kitu maishani."

"Lakini wamesema yasiwe marefu," nikasema.

"Wamesema tu. Mgeni naye husema ameshiba. Wewe unaacha kumpakulia?"

Mama alikuwa pembeni anakaanga samaki wake wa kuuza. Mama ni mtu wa Kunduchi, wa pwani hasa, na maneno yake yalikuwa makali kuliko hayo mafuta. "Nyie mnasumbuka bure. Andika: nimesimama getini miaka tisa, nipeni kazi. Kwisha. Wakitaka hadithi waje hapa wanunue samaki niwasimulie."

Kwa hiyo hesabu ilikuwa hivi: baba kurasa kumi na moja, balozi kumi na tano, mama mstari mmoja. Na mie nilikuwa na mwalimu wangu wa Kiswahili, aliyetufundisha kwamba barua ya kazi na maelezo yake havizidi ukurasa mmoja mmoja, kwa kuwa mkubwa hana muda. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na saba. Alichosema mwalimu, kwangu kilikuwa kimeshuka kutoka mbinguni.

Tulibishana asubuhi, tukabishana jioni. Nikifuta mstari, baba anaurudisha. Nikifuta mtaro, balozi anapita na kuuliza habari za mtaro. Siku moja nilikuta wameongeza ukurasa mzima kuhusu jinsi baba alivyookoa mbuzi wa jirani wakati wa mafuriko, na chini yake balozi ametia muhuri kabisa! Nikapandwa na mori. Nikawaambia kama wanataka kitabu wakatafute mchapishaji. Baba akanitazama kwa upole, akaniuliza mchapishaji ni mtu wa cheo gani.

Siku nne kabla ya mwisho wa kupokea maombi, baba akiwa getini, nililichukua daftari nikaamua kulimaliza. Nikapita salamu, nikapita babu, nikapita njaa na jando. Nikafika ukurasa wa sita. Ulianza hivi: "Tulipofika Tanga tukapewa namba."

Hapo nikajua. Manamba. Wale watu waliobebwa kutoka kusini kama mizigo, wakamalizie nguvu zao kwenye mashamba ya mkonge ya wakoloni, kila mmoja na namba yake. Shuleni tulifundishwa habari zao, na darasa zima liliguna kwa huruma, nami niliguna pamoja nao, wala sikusema baba yangu mwenyewe alikuwa mmoja wao. Niliona aibu. Naisema hivihivi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nikazikamata kurasa zile tatu, wa sita, wa saba na wa nane, nikazigeuza zote kwa pamoja bila kusoma neno. Halafu kwenye karatasi yangu safi nikaandika: "Kabla ya hapo nilikuwa mkulima." Maneno matano kwa miaka sita. Nikajiona mjuzi.

Mengine yakaenda upesi. Kuzaliwa mstari mmoja, elimu ya watu wazima mstari mmoja, kiwandani mistari minne, balozi nikampa mtaro wake ili aache kuniandama. Ukurasa mmoja, na pembeni nafasi ikabaki.

Jioni baba akasoma, kidole kikifuata neno kwa neno. Kilipofika kwenye mstari ule kikasimama.

"Mkulima?"

"Si mlikuwa mnalima mkonge?"

"Tulikuwa tunakata."

"Ni hayohayo, baba."

Kidole kilibaki palepale muda mrefu. Nilikuwa nimechoka, nina somo la jiografia la kuandika, na mbu wananila. Nilivuta pumzi kwa kelele, vile watoto wanavyofanya kumwonyesha mzazi kwamba anawachelewesha. Akainua macho.

"Wasomi ndivyo wanavyoandika?"

"Ndivyo."

"Haya."

Akakinakili kile nilichoandika kwa mkono wake, siku mbili, na kuharibu karatasi nne za fulskepu. Nilisimama nyuma yake nikimsahihisha. Chini kabisa akatia sahihi, polepole, kama mtu anayevuka daraja la mti mmoja. Balozi alipouona ukurasa ule alitikisa kichwa. "Binti, umemnyoa baba yako upara," akasema, akaandika barua yake ya utambulisho, kurasa tatu, akaondoka amenuna. Mie sikujali. Nilikuwa nimeshinda.

Baada ya wiki mbili baba akaitwa kwenye usaili. Nilimwambia mama, unaona? Ukurasa mmoja umeitwa! Mama alimpigia shati pasi ya mkaa, akipuliza majivu yasiiguse kola, mpaka likang'aa. Nilikaa darasani siku nzima sisikii kitu.

Nilipofika nyumbani nilimkuta amekaa mkekani anakula, mama anampakulia. Nikamwamkia, nikauliza vipi.

"Wamenipokea vizuri. Wamenipa kiti."

"Wamekuuliza nini?"

"Wameuliza mambo ya kawaida."

Yarabi, kumtoa baba neno ni kama kung'oa msumari kwa meno. Mtu wa kurasa kumi na moja kwenye daftari, lakini mdomoni anahesabu maneno! Nikamwuliza hili, nikamwuliza lile. Mwishowe akasema kulikuwa na injinia, kijana, anaongea kwa adabu. Kwa zile nafasi sita watu walikuwa wengi, lakini ya saba ilikuwa ya mtunza boila, lile pipa kubwa la chuma linalochemsha maji na kutoa mvuke wa kuendeshea mitambo. Hiyo ilikuwa imekosa mtu. Injinia alikuwa akimwuliza kila anayeingia kama amewahi kushika boila.

"Ukamjibuje?" akauliza mama.

"Alikuwa na karatasi yangu mbele yake. Akaisoma. Akasema, 'Mzee, wewe hapa umeandika ulikuwa mkulima.' Nikasema ndiyo."

Mama akaweka upawa chini. "Ndiyo? Wewe mwanamume una akili kweli? Si wewe uliyenisimulia ulikaa na boila Tanga mpaka nyusi zikaungua?"

"Boila gani?" nikauliza.

Wote wawili wakanigeukia. Baba alinitazama kwa mshangao wa kweli.

"Nilikuandikia," akasema. "Ukurasa wa saba."

Nikaenda kulichukua daftari. Ukurasa wa saba, mwandiko wake mkubwa unaopanda na kushuka: "Miaka miwili nilikata mkonge. Halafu nikatolewa shambani nikapelekwa kiwandani kwenye boila. Boila ukilisikiliza linakwambia. Likikoroma, maji yamepungua. Likipiga mluzi, punguza moto. Usiliwekee maji baridi likiwa na moto mwingi litakuua wewe na wenzako. Miaka minne nilikuwa nalo na halikunishinda hata siku moja. Aliyekuja baada yangu nilimfundisha mimi."

Nilisoma mara mbili. Kila alichokitafuta yule injinia kilikuwa pale, kimeandikwa kwa Kiswahili kinachoeleweka, na mie nilikuwa nimekipita kama mtu anayepita jalala ameziba pua.

Ndipo nikafoka. Nilimfokea baba yangu, Mungu anisamehe, badala ya kujifokea mwenyewe. Kwa nini hukusema? Mtu amekuuliza uso kwa uso! Una mdomo! Ungemwambia tu, karatasi imekosea, mie boila nalijua! Mama akaniambia nipunguze sauti, majirani wanasikia. Nikasema wasikie.

Baba alisubiri mpaka nikaishiwa pumzi. Hakukasirika.

"Pale chini kuna sahihi yangu," akasema. "Zamani nilikuwa nachovya kidole gumba kwenye wino, na mtu wa kidole wanaweza kumwandikia chochote. Sasa nimeweka sahihi. Ningesema vingine, wangeniuliza basi haya ya mkulima kayaandika nani. Ningesema binti yangu. Wangesema basi binti yako mwongo." Akanawa mkono. "Sikuweza kusema hivyo."

Nikalikunja daftari kifuani, nikaenda kulala nalo.

Asubuhi sikwenda shule. Nilivaa sare yangu, nikachukua daftari, nikaenda kiwandani, nikasimama getini pamoja na vibarua. Mlinzi akaniuliza nina barua? Sina. Nina miadi? Sina. Nikamwambia nataka kumwona injinia, baba yangu anajua boila, ushahidi huu hapa. Akalifunua daftari, akasoma mistari miwili ya salamu, akacheka. "Maelezo yameshapokelewa, binti. Rudi shule." Nilimwomba alipeleke ndani tu, wasome ukurasa mmoja, wa saba peke yake. Akasema hapokei vitabu. Nilikaa pale mpaka jua likawa utosini, halafu nikarudi Mtoni kwa miguu, nikilia kwa hasira njia nzima ya Kilwa Road, na akina mama wa sokoni wakiniuliza nimefiwa na nani.

Orodha ilipotoka ilikuwa na majina sita. Nafasi ya saba, ya boila, waliiacha wazi. Waliandika kabisa: hakupatikana mwenye ujuzi. Baba alisimama mbele ya karatasi ile, akaisoma yote mwenyewe bila msaada wa mtu, akarudi nyumbani.

Hakungoja lori. Alisema yeye si mzigo, mara moja ilitosha. Mwisho wa mwezi ule alipanda basi la kusini na kwenda kijiji cha ujamaa karibu na kwao, akapewa ekari zake kama wengine. Mama na mie tukabaki Mtoni ili nimalize shule, tukiendesha maisha kwa samaki wa kukaanga. Ilisemwa ni kwa muda tu. Muda wenyewe ukawa miaka minane, mpaka mama alipomfuata, na mie nikawa nimeshaolewa.

Alituandikia kila alipopata mtu wa kumpa barua. Nilizisubiri barua zile kuliko kitu chochote. Nilitaka kujua analala wapi, anapikiwa na nani, kile kikohozi chake kimekwenda wapi, wazee waliobaki wamempokeaje, usiku anaongea na nani. Lakini kila barua ilikuwa ukurasa mmoja. Tarehe juu, mistari michache iliyonyooka, sahihi chini. Mvua imenyesha. Mihogo imekubali. Soma kwa bidii.

Nikamwandikia. Nikamwambia baba, mie si meneja. Nikatia kwenye bahasha karatasi kumi tupu za fulskepu, nikamwomba azijaze zote, aandike chochote, aandike ya mto, aandike ya babu, aandike ya Tanga kuanzia siku ile waliyopewa namba.

Jibu lilikuja baada ya miezi miwili, kwenye moja ya karatasi zile. Alinishukuru kwa karatasi. Alisema yu mzima, na kwamba hizo nyingine amewagawia wenzake wa darasa la jioni. Ya kuandika ni mengi, alisema, lakini anajua nina masomo, na hakutaka kunichosha tena.